Claude Sumner: mwanahistoria wa falsafa, au mtafsiri tu?

Kijana_Tasnifu: Wakuu, shikamooni. Naandika tasnifu ya umahiri juu ya falsafa ya Ethiopia. Msimamizi wangu hataki nimweke Padre Sumner kwenye sura ya wanahistoria wa falsafa. Eti alikuwa mtafsiri tu. Mnasemaje?

Mama_Makabrasha: Marahaba mwanangu. Sumner, Mjesuti mzaliwa wa Kanada, alifika Addis Ababa mwaka 1953 kufundisha, na kazi yake kubwa yote imetoka huko. Angekuwa mtafsiri tu, Hatata ya Zera Yacob, kile kitabu cha falsafa cha Kihabeshi, angeigeuza Kiingereza, basi. Yeye aliingia kwenye kesi ya nani hasa alikiandika. Mwaka 1920 Conti Rossini, mtaalamu Mwitalia wa mambo ya Ethiopia, alidai kuwa kitabu hicho, kinachosemekana ni cha karne ya 17, kilitungwa na Giusto da Urbino, padre Mwitalia wa karne ya 19 aliyempelekea d'Abbadie, mkusanyaji wa miswada ya Kihabeshi, nakala zake. Sumner akaiweka Hatata hiyo kando ya ile ya Walda Heywat, mwanafunzi wa Zera Yacob, akapima mtindo na fikra, akashikilia kuwa waandishi ni wawili na Giusto hayumo.

Ngosha_Mbishi: Dada, mbona humtaji Anaïs Wion, yule mwanahistoria Mfaransa? Mwaka 2013 kamrudisha Giusto kizimbani.

Mama_Makabrasha: Kamrudisha, tena kwa hoja nzito, kijana azisome. Lakini kumpima Sumner kwa Hatata peke yake ni kumpunja. Katika juzuu zake 5 za falsafa ya Ethiopia (1974–1982), 3 zinahusu vitabu vilivyotoka nje vikatafsiriwa huko. Kimoja ni Skendes: mwanafalsafa anajifanya mgeni na kumtongoza mama yake ili amjaribu, mama anakubali, mama akigundua ni mwanawe anajiua kwa aibu, naye mwana ananyamaza hadi kufa, akiulizwa anajibu kwa maandishi. Asili yake ni Kigiriki. Wengi wangeishia hapo. Sumner akaonyesha kuwa mtafsiri wa Kihabeshi hanakili: anaongeza, anapunguza, anageuza, na fikra yake mwenyewe imo humo humo. Mimi hapo ndipo ninapomkubali, kuliko hata kwenye Zera Yacob.

Kijana_Tasnifu: Ahsante mama. Kwa hiyo nimweke?

Mama_Makabrasha: Mweke. Na usiziache juzuu 3 za hekima ya Waoromo za miaka ya 1990: methali, nyimbo na ngano. Msimamizi akisema falsafa lazima iwe na kitabu, mfungulie ile ya nyimbo.