Sheria ya Haki za Raia ya 1964 Marekani: sifa ziende chama gani?

Wakuu, kila uchaguzi wa Marekani ukikaribia hoja hii hufufuka: eti sheria ya 1964 iliyopiga marufuku ubaguzi hotelini, migahawani na makazini ilipitishwa na Republican, Democratic ndio waliokuwa wakiizuia. Mwenye hoja huja na hesabu, na hesabu yake ni ya kweli. Senetini, 19 Juni, Republican walikubali 27, wakakataa 6. Democratic 46 kwa 21.

Sasa wachukue hao 21 uulize kwao ni wapi. Ishirini ni wa majimbo 11 ya kusini yaliyojitenga 1860 na 1861 kutetea utumwa. Huko kote aliyesema ndiyo ni Ralph Yarborough wa Texas peke yake. Na Republican wa kusini? Senetini alikuwepo mmoja, John Tower, naye alikataa. Kwa hiyo nasema ugomvi ulikuwa wa kusini na kaskazini, chama kilikuwa jezi tu.

Wa 21 ni Robert Byrd wa West Virginia, aliyeongea saa 14 mfululizo ili kura ya kufunga mjadala isifike. Ikafika, 10 Juni. Clair Engle wa California, Democratic, aliletwa kwa kiti cha magurudumu, uvimbe wa ubongo umeshamnyima kauli. Jina lake lilipoitwa akaonyesha jicho lake kwa kidole, maana kwa Kiingereza "jicho" na "ndiyo" ya bungeni hutamkwa sawa. Akahesabiwa.

*Jibu la kwanza:* Mkuu, marais umewaruka makusudi. Eisenhower, Republican, 1957 alipeleka askari wa miamvuli Little Rock, Arkansas, wawasindikize wanafunzi 9 weusi shuleni. Kennedy wako, Democratic, alivuta miguu zaidi ya miaka miwili, hadi polisi wa Birmingham walipowaachia mbwa waandamanaji, Mei 1963. Hata Obote, akiwa Addis Ababa kwenye kikao cha kuunda OAU, alimwandikia barua ya wazi kulalamika. Mswada ukaja Juni.

*Mleta mada:* Kennedy simtetei. Eisenhower nakupa nusu: alipeleka jeshi kwa kuwa gavana alikaidi amri ya mahakama, lakini hukumu yenyewe ya 1954 iliyofuta ubaguzi shuleni hakutaka kusema hadharani kama anaiunga mkono. Na Johnson, rais wa Democratic aliyetia saini, Mtexas huyo, kabla ya 1957 alikuwa akiipinga miswada ya namna hii.

Ila hujagusa uchaguzi wa Novemba 1964. Katika wale Republican 6 waliokataa alikuwemo Barry Goldwater, na ndiye chama chao kilimsimamisha kugombea urais Julai, mwezi mmoja baada ya kura. Alishinda kwao Arizona na majimbo matano ya kusini, basi. Mississippi alipata asilimia 87. Strom Thurmond, mmoja wa wale Democratic 20 wa kusini, alihamia Republican Septemba mwaka huo huo. Mwenye hesabu ya 27 kwa 6 aje atuambie, huyu tumwandike upande gani?