Spea za injini iliyoacha kutengenezwa: orijino ya stoo, kopi, injini chakavu au kuchongesha?

Mpigo650
Wakuu, heshima mbele. Nina Lister CS 6/1, injini ya dizeli ya Kiingereza yenye silinda moja, ile ya mizunguko 650 kwa dakika ambayo unaisikia kabla hujaiona. Ilikaa miaka bila kofia ya ekzosi, mvua ikashuka moja kwa moja hadi juu ya pistoni. Nimeigandua kwa dizeli na wiki tatu za subira. Nyundo nilijizuia, ingawa mkono uliniwasha.

Niliyoyakuta: ringi mbili zimekatika, pistoni ina michirizi upande mmoja, silinda ina vishimo vya kutu, hedi ina ufa kama unywele kati ya valvu mbili, na beringi ya konrodi inabanduka vipande. Huko Dursley, Uingereza, waliacha kuitengeneza tangu miaka ya 1980. Naona njia nne kama nilivyoandika juu. Aliyepita huku anisaidie, ipi ina unafuu?

FundiKerezo
Mkuu, hakuna njia ya injini nzima. Kila kifaa kina njia yake, na wengi tunapoteza hela kwa kulisahau hilo.

Pima kwanza, tafuta baadaye. Kitabuni silinda hiyo ni inchi 4.5, yaani mm 114.3, na mwendo wa pistoni ni inchi 5.5. Lakini injini ya umri huo huenda ilishatanuliwa na fundi ambaye leo hayupo duniani. Pima juu, katikati na chini, kila mahali mara mbili kwa msalaba. Ukiagiza pistoni standadi kwa kuamini kitabu, itacheza kama mchi kwenye kinu.

Kisha tenga vitu ambavyo havijawahi kuwa vya Lister. Beringi yoyote ya gololi yenye namba 6308 ni mm 40 kwa 90 kwa 23, haijali imefungwa kwenye injini gani wala mwaka gani. Sili ya oili inaagizwa kwa vipimo vitatu: kipenyo cha ndani, cha nje, na unene. Nozo ya kunyunyizia dizeli ina namba yake imegongwa ubavuni, soma hiyo. Utashangaa orodha yako inavyopungua.

Mama_Dizeli
Naunga mkono. Mimi ni mtu wa orijino ya stoo, yaani spea halisi ya zamani iliyokaa stoo bila kutumika; nitaitetea, ila kwa masharti. Chuma kilichofungwa kwenye karatasi ya grisi kinakaa miongo na kinatoka kiking'aa. Mpira hautoki hivyo. Sili na dayaframu za zamani hata zikiwa hazijafunguliwa ni biskuti tupu.

Na usisome boksi, soma kifaa. Niliwahi kupokea pistoni ndani ya boksi lenye namba sahihi kabisa. Naifuta grisi, juu yake naona imegongwa .020, maana yake imezidi inchi 0.020, kama nusu milimita. Mtu alibadilishia boksi zamani na hakuna aliyefungua. Bahati nzuri silinda yangu ilikuwa bado haijatanuliwa, nikaitanua kuifuata pistoni. Ningekuwa nimeshatanua kwa saizi nyingine ningelia.

Chakavu_Ni_Mali
Kwa CS watu wanapuuza kopi bila sababu. Injini hii imenakiliwa India kwa miaka mingi, Rajkot hasa, ndiyo maana mwenye CS anapata pistoni, valvu na hedi wakati mwenye injini nyingine za Kiingereza za rika hilo, kama Ruston au Blackstone, anahangaika. Kopi ya hedi isiyo na ufa naichagua kuliko orijino iliyopasuka.

Sharti ni moja: usifunge kama ilivyofika. Kuna hedi ya kopi niliigonga kwa nyundo ya mbao kinywani mwa njia ya maji, ukadondoka mchanga wa kusubia, ule wa kalibu inayomiminiwa chuma kilichoyeyushwa, wa kujaza kiganja. Nikagonga tena, ukadondoka mwingine. Mchanga huo ukibaki upande wa maji utaziba, ukibaki kwenye njia ya oili au hewa utakula kila kitu.

FundiKerezo
Hapo sawa, ila kwenye pistoni ongeza kitu. Ikiwa ya zamani ni ya chuma cha kusubu na kopi ni ya aluminiamu, usizibadilishe kienyeji. Aluminiamu inatanuka karibu mara mbili ya chuma ikipata joto, kwa hiyo nafasi kati yake na silinda lazima iwe kubwa zaidi. Tena ni nyepesi, mizani ya magurudumu mazito yanayozungushwa na krenki inabadilika na injini inaanza kuruka kwenye msingi. Weka pistoni zote mbili kwenye mizani kabla ya kufurahi.

Ringi ndizo rahisi kuliko unavyodhani. Zinapatikana kwa vipimo tu: kipenyo cha silinda, kimo cha ringi na unene wake kwenda ndani. Iingize peke yake kwenye silinda, isukume kwa pistoni ikae sawa, upime mwanya. Kwa kipenyo chako karibu mm 0.35 hadi 0.45. Ukibana sana, ncha zitagusana ikichemka, na utaniletea hapa picha ya silinda iliyochanika.

Msubu_Chuma
Nimeona "kuchongesha" imetajwa kama jambo moja. Kukereza bushi au pini ni kazi ya siku. Kusubu kifaa upya ni habari nyingine. Kosa la kila mtu mara ya kwanza ni kutumia kile kilichovunjika kama kielelezo cha kalibu. Chuma cha kusubu kinasinyaa karibu asilimia 1 kikipoa. Mkono wa mm 300 unatoka umepungua mm 3, na matundu hayakutani tena. Kielelezo lazima kiwe kikubwa, pamoja na nyama ya kukerezwa.

Beringi ya konrodi mwagia metali nyeupe upya, usihangaike kutafuta. Mchanganyiko wa kawaida ni bati asilimia 89, antimoni 7.5, shaba 3.5. Pasha ganda moto na ulipake bati kwanza, la sivyo itashika kwa macho tu na kubanduka kama hiyo yako. Baadaye ikerezwe, halafu paka rangi ya bluu kwenye krenki na ukwangue pale inapogusa. Inachosha mgongo.

Mpigo650
Nimewaelewa. Vipi injini chakavu? Nimeonyeshwa moja, magurudumu yote yapo.

Mama_Dizeli
Nunua ikiwa krenki na magurudumu ni mazima. Hivyo ndivyo vigumu kutengeneza. Lakini ujue sehemu iliyokufa kwenye yako huwa ndiyo iliyokufa kwenye yake. Kagua hedi yake kwa maji: ziba njia zote, tia hewa ya shinikizo dogo, izamishe, tafuta mapovu. Na gasketi za zamani zilowanishe kabla ya kuzibandua, nyingi zina asbesto.

Chakavu_Ni_Mali
Na chunga bolti! Injini hizi ni nyuzi za Whitworth, kipimo cha zamani cha Kiingereza. Ya nusu inchi ina meno 12 kwa inchi, ya Kimarekani ina 13. Inaingia mizunguko miwili vizuri tu, halafu inakaza, wewe unadhani ni kutu, unaongeza nguvu. Tundu limekwenda.

Mpigo650
Nimerudi. Silinda imesoma inchi 4.52 juu, 4.50 chini, kwa hiyo naitanua. Pistoni nachukua kopi ya oversaizi, nitaipima mizani. Ringi nimeagiza kwa vipimo. Chakavu ile nimeinunua. Hedi yake ilitoa mapovu palepale pa ufa wangu, kati ya valvu. Mama_Dizeli ulijuaje?

Mama_Dizeli
Na yangu ilipasuka hapohapo.