Naomba ushauri: Linux kwenye kompyuta za shule ya kata

Habari zenu wakuu. Nipo kwenye kamati ya wazazi ya sekondari moja ya kata. Kompyuta zetu ni za msaada, kuukuu, zina Windows 10, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia bure Oktoba 2025. Sasa limekuja pendekezo kila mzazi achangie mashine mpya na leseni za Office. Mama anayeuza mchicha ataitoa wapi?

Mimi nawaza tuweke Linux Mint (mfumo endeshi wa bure badala ya Windows), maana RAM ya GB 4 inaitosha, pamoja na LibreOffice (mbadala wa bure wa Office), na GeoGebra kwa hisabati. Bando nalo ni shida, ila kwa Kiwix, programu ya kusomea nakala zilizopakuliwa mapema, watoto watasoma Wikipedia bila intaneti, hata ile ya Kiswahili.

Anayenipinga ni mwalimu wa kompyuta. Anasema watoto wakizoea LibreOffice watababaika wakikutana na Word na Excel kwenye mtihani wa vitendo. Hoja yake siidharau, ingawa faili za Word zinafunguka (mpangilio huvurugika kidogo, nakiri).

Kwa waliowahi kuhamisha shule: walimu mliwashawishi vipi? Printa za zamani zilikubali? Au tuanze na mashine chache tu? Kikao ni mwisho wa mwezi.