Mrejesho: Binti anayesoma vizuri bila kuelewa

Habari zenu. Niliwauliza kuhusu binti yangu wa Gredi ya 3, hapa Manyatta, Kisumu: anasoma kwa sauti bila kukwama, lakini ukimwuliza amesoma nini anakutazama tu. Asanteni sana kwa majibu yenu.

Kilichosaidia zaidi ni kusimama kila baada ya aya ili asimulie. Na aliyesema nimruhusu asimulie kwa Dholuo (lugha ya Wajaluo), Mungu akubariki! Kwa Kiswahili alikuwa anatafuta maneno hadi kisa kinampotea. Kwa Dholuo alianza kusimulia bila kusita.

Juzi tulisoma kisa cha mvuvi aliyerudi ufuoni na wavu mtupu, mkewe akazima jiko. Nikamwuliza, "Mbona amezima?" Kitabu hakisemi. Akafikiri, akajibu, "Hakuna samaki wa kupika." Umejuaje? Akarudi nyuma, akaweka kidole kwenye sentensi ya wavu. Nilimkumbatia.

Maswali ya "nani" na "wapi" anaweza kuyajibu kwa kunakili tu maneno ya kitabuni, hata kama hajaelewa. "Kwa nini" na "umejuaje" ndiyo yanayomfikirisha. Kutazama picha na kukisia kisa kabla ya kusoma pia kunafaa. Kadi za msamiati tumeziacha, zilimchosha.

Kwa Kiingereza bado haelewi anachosoma. Mwalimu wake amekubali kumpa vitabu vya gredi ya chini, na naona ni sawa kabisa, hata jirani akishangaa. Aliyewahi kumvusha mtoto hapo, tafadhali anieleze alianzia wapi.