Dogo anataka chuo cha afya, mama hataki mkopo. Ufadhili wa kweli upo? (Tanga)

BintiMakorora

Habari zenu wapendwa. Naombeni mawazo mana hapa nyumbani tumegawanyika. Mdogo wangu kamaliza fomu foo, kapata C ya bailojia na D za kemia na fizikia, anataka stashahada ya mazoezi tiba. Marehemu baba alipopooza tulikuwa tunampeleka hospitali ya Bombo, yule mtaalamu akimnyoosha baba mkono na mguu dogo anaangalia kila kitu, mpaka akawa anamfanyia mwenyewe nyumbani kila jioni, na toka hapo hataki kusikia kozi nyingine.

Mama anapika vitumbua na maandazi, mimi nauza duka la mtu Ngamiani, kaya yetu iko TASAF, ule mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Ada ya chuo hatuna. Mjomba anasema aende chuo cha ufundi VETA akasome umeme yaishe. Mama ukimtajia mkopo wa serikali wa Bodi ya Mikopo anakataa kabisa, anasema ile ni riba na hawezi kumtwisha mtoto deni la riba. Alafu kuna mtu kwenye grupu la WhatsApp anasema ana nafasi za ufadhili ila tutume elfu 85 ya fomu kwanza, na mama yuko tayari kukopa kwenye kikoba aitume. Hebu nisaidieni, hiyo ni kweli? Na mkopo wa serikali una riba au hauna?

SteshenariNgamiani

Dada usitume hata mia. Najaza fomu za watoto kila msimu na hii ya elfu 85 huwa inakuja na majina tofauti. Ufadhili wa kweli hauuzi fomu kwenye WhatsApp. Ule wa Uturuki wa Türkiye Bursları kuomba ni bure, wa Hungary nao bure, unaomba mwenyewe kwenye tovuti yao. Hela inayotambulika ni ada ya maombi ya Bodi ya Mikopo, imekuwa elfu 30, na unalipa kwa namba ya malipo ya serikali inayotoka kwenye mfumo wao, hailipwi kwa namba ya simu ya mtu. Mzuie mama leo leo, hela ya kikoba ikienda huko hairudi.

Sasa kwa dogo wako. Mikopo zamani ilikuwa ya digrii tu lakini toka mwaka wa masomo 2023/24 wameingiza na stashahada kwa kozi za kipaumbele, na kwenye mwongozo ule wa kwanza mazoezi tiba ilikuwemo pamoja na macho na viungo bandia. Sio kila kozi ya afya inaingia, kwa hiyo msome mwongozo wa mwaka wenu wenyewe, msisikilize ya mtaani. Na mnayo mambo mawili yanayowabeba sana, yatima wa baba na kaya ya TASAF. Lakini yatima wa mdomoni hahesabiki pale, anahesabika yatima wa cheti. Cheti cha kuzaliwa cha dogo na cheti cha kifo cha baba vyote vinatakiwa vihakikiwe RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, kabla hujafungua maombi, alafu namba ya kaya ya TASAF iandikwe kama ilivyo, mdhamini awe na kitambulisho, fomu isainiwe serikali ya mtaa na kwa hakimu au wakili. Wanaokosa hapa kwangu wengi sio kwamba hawana shida, wana shida tena kubwa kuliko waliopata, ila wanaanza kutafuta cheti dirisha la maombi likiwa limebaki siku mbili na RITA nao wana foleni yao. Inaniuma kila mwaka.

Abuu_Duga

Asalaam aleykum dada. Msimbeze mama, hofu yake ina msingi na alichokisikia kilikuwepo kweli. Kulikuwa na ile asilimia 6 kila mwaka waliyoiita ya kulinda thamani ya mkopo, watu wakawa wanalipa na deni halipungui, kuna walimu walikatwa miaka na miaka wakiangalia salio linapanda. Rais Samia akatangaza kuiondoa Mei Mosi 2021 pale Mwanza. Kilichobaki ni asilimia 1 ya mkopo kwa ajili ya gharama za uendeshaji. Mwenye ajira anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka deni liishe, na deni linaandikwa kwa jina la dogo.

Kama hiyo 1 ni sawa kisheria ya dini au la mimi sio wa kumfungia mama fatwa. Aende kwa sheikh anayemuamini, ampe hizo namba kama zilivyo, sio kumuuliza tu mkopo wa serikali ni riba, mana akiulizwa hivo kwa jumla atajibu kwa jumla. Nimeona mabinti wawili watatu huku Duga wamekaa nyumbani na vyeti vizuri kwa sababu ya asilimia iliyokwishafutwa.

FunditaaPongwe

Mimi namtetea mjomba kidogo. VETA watu wanaiona ya waliofeli na sio kweli. Ile imeanzishwa kwa sheria ya 1994 na inaendeshwa kwa tozo ya ujuzi wanayolipa waajiri, ndo mana ada ya kozi ndefu pale Tanga iko chini ukilinganisha na vyuo binafsi. Kuna pia uanagenzi wa Ofisi ya Waziri Mkuu, serikali inalipia kijana mafunzo, na hata mtu aliyejifunzia gereji anaweza kupimwa na VETA akapewa cheti bila kukaa darasani mwaka mzima. Angalia bomba la mafuta toka Hoima, kilomita 1,443 zote zinaishia hapa kwetu Chongoleani, na fundi wa kuchomelea asiye na cheti anaishia kubeba vyuma vya wenzie.

Ila kwa huyu dogo mwenyewe nasema hapana, asisukumwe umeme. Mtu aliyemnyoosha baba yake kila jioni kwa hiari yake huyo kazi yake anaijua. Kijana ukimlazimisha ufundi anaacha nusu na hela ndogo mliyokuwa nayo inapotea.

UmmKulthum_Chumbageni

Shoga yangu, wote wanaongelea ada lakini kinachowatoa watoto chuoni ni tumbo na pango. Mazoezi tiba watu wengi wanaenda hospitali ya KCMC Moshi, sasa piga hesabu basi toka stendi ya Kange, chumba, kula, sare, fotokopi, na kwenye mazoezi ya wodini hawezi kwenda na njaa. Mwanangu wa kumlea alikuwa na mfadhili wa ada kamili na bado muhula wa pili alirudi nyumbani kwa kukosa chakula. Kwa hiyo mkiomba popote, ulizeni kama pesa ya kujikimu imo. Kwa wanafunzi wa digrii Bodi ilipandisha ya chakula na malazi toka 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka 2022/23, ya stashahada ina viwango vyake, viangalieni kwenye mwongozo ili mjue mtajazia ngapi.

Kuna na NMB Foundation wana mpango unaitwa Nuru Yangu kwa watoto wanaofaulu wa familia zisizojiweza, fuatilieni tangazo lao na someni masharti ya ngazi ya elimu. Ila usimwache dogo amekaa anasubiri ufadhili tu, nafasi ni chache na waombaji ni nchi nzima. Aombe chuo kupitia mfumo wa NACTVET, lile baraza la serikali linalosimamia vyuo vya kati, aombe mkopo, na ufadhili uwe wa kuongezea. Na ule mchango wa harusi tunaochangishana kila Jumamosi hapa mjini, jamani, ukoo ukikaa kikao kimoja kwa ajili ya chumba cha mtoto wa marehemu Moshi kuna ubaya gani? Mwambie mjomba aitishe yeye.

BintiMakorora

Nawashukuru sana, nimemsomea mama yote. Ya WhatsApp amekubali kuacha. Ya asilimia amenyamaza muda, akasema ataenda kwa sheikh baada ya Ijumaa na nimemwandikia hizo namba kwenye karatasi. Mjomba nampigia usiku. Sasa tatizo, cheti cha kifo cha baba hatuna, tuna kibali cha mazishi tu na karatasi ya hospitali. Vinafaa?

SteshenariNgamiani

Kwenye mkopo havifai vyenyewe lakini ndo vinavyokupatia cheti, msivipoteze. Vitoe kopi, alafu mwende na mama na kitambulisho chake ofisi ya Mkuu wa Wilaya, msajili wa RITA anakaa pale. Hakikisha jina la baba liwe sawa herufi kwa herufi na lililoko kwenye cheti cha kuzaliwa cha dogo, mana wengi wanakuta kule Mohamed na huku Muhamadi na mfumo unagoma. Kama yanatofautiana waambie hapo hapo wakuelekeze kiapo. Nenda Jumatatu asubuhi, usisubiri dirisha lifunguliwe.

BintiMakorora

Yanatofautiana kweli, nimeangalia sasa hivi. Jumatatu naomba ruhusa dukani.