Phil Ochs: nianze na mkusanyiko upi?

Gitaa_Kavu: Wakuu, namtafuta Phil Ochs, yule Mmarekani aliyeimba kupinga vita vya Vietnam. Nimeona Farewells & Fantasies (1997, CD 3) na Greatest Hits, ambayo ni ya bei rahisi zaidi. Ipi inaonyesha safari yake yote?

Santuri45: Greatest Hits si mkusanyiko, jina lisikudanganye. Ni albamu ya 1970 yenye nyimbo mpya 10. Chukua ile ya CD 3. Ochs alirekodi albamu tatu katika kampuni ya Elektra (1964–1966), kisha akahamia A&M mwaka 1967, kwa hiyo mkusanyiko wa kampuni moja unakupa nusu mtu. Albamu za Elektra ni gitaa na sauti tu; A&M kuna piano na okestra.

Nyimbo za mwanzo zilitoka magazetini, na usipoijua habari yenyewe zinapita hivihivi. Mfano ni ule wa William Worthy, mwandishi wa habari aliyeshtakiwa kwa kurudi Marekani kutoka Cuba bila pasipoti. Soma kisa kwanza, ndipo usikilize. Halafu ruka hadi "Outside of a Small Circle of Friends" (1967): piano inachangamka kama ya baa, huku maneno yanawasema watu wanaoona mtu akichomwa kisu na hawasogei. Mpambano huo wa muziki na maneno ndio ufundi wake mkubwa.

Mzee_wa_Rekodi: Naongezea. "I Ain't Marching Anymore" ina rekodi mbili: ya 1965 ni gitaa peke yake, ya 1966 ina bendi ya umeme. Angalia unayo ipi kabla hujalinganisha sauti.

Pwani_Muziki: Kwetu huku usiiache santuri ndogo aliyorekodi Kenya 1973 na Pan-African Ngembo Rumba Band: "Bwatue" na "Niko Mchumba Ngombe", huu wa pili kwa Kiswahili. Ni rumba kamili. Safari hiyohiyo majambazi walimkaba koo Dar es Salaam, nyuzi za sauti zikaumia na noti za juu zikampotea. Alifariki 1976, akiwa na miaka 35.

Gitaa_Kavu: Shukrani wakuu. Ile ya konsati ya suti ya dhahabu je?

Santuri45: Hiyo ni Gunfight at Carnegie Hall, ya Machi 1970. Isikilize baada ya hizo zote. Anachanganya nyimbo za Elvis na zake, ukumbi unamzomea, naye anabishana nao. A&M waliitoa Kanada tu.