MREJESHO: Mzee wangu aliyesimama moyo, leo miezi 14

Wakuu habari zenu, mwaka jana nliuliza hapa kama mtu moyo ukisimama akarudishwa akili zake zinarudi, maana mzee alianguka sebuleni, mdogo wangu akamkandamiza kifua mpaka gari ikafika, tukaambiwa yuko koma na tusubiri angalau saa 72 ndo waanze kusema chochote kuhusu ubongo. Jamani zile siku sizisahau. Siku ya 5 akamminya mama kidole.

Sasa anatembea, msikitini anaenda mwenyewe. Kumbukumbu ndo bado, ya zamani anayo yote ila ya asubuhi inapotea, anauliza "chai nshakunywa?" na kikombe anacho mkononi. Anachoka haraka, na hasira zimekuja ambazo hakuwa nazo kabisa, daktari anasema hayo yanawapata wengi ubongo ukikosa oksijeni.

Dogo alifundishwa kazini kwao kumkandamiza mtu hivyo, katikati ya kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila yeye tungezika.

Tunamwandikia kila kitu kwenye daftari. Jana kataja wajukuu wote wanne bila kulifungua, mama akalia.